Nani Ataivuta?

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka nisikilize kwanza. Mimi ni kijana wa Nyamuswa, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi ya kudumu, na ninaandika riwaya. Ukiyajumlisha hayo matatu pale kijiweni kwetu utapewa jibu moja tu: huyu kadata. Sasa ongeza la nne. Ninaishi ndani ya nyumba yenye magurudumu, na nyumba hiyo haiendi popote.

Jambo lenyewe lilianza mwaka 2021, siku walipokuja vijana wawili wa barabara na futi ndefu na kopo la rangi. Walipima kuanzia katikati ya barabara, wakaja, wakaja, wakapita kwenye mchongoma wetu, wakasimama ukutani. Kijana mmoja akachora X ya kijani kwenye chumba changu, akasogea, akachora nyingine kwenye chumba cha bibi. Hawakuwa wakorofi. Walitueleza kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na kwamba vyumba viwili vya mbele vimo ndani ya zile mita saba na nusu zilizoongezwa. Tutalipwa fidia. Lini? Mtataarifiwa.

Kichekesho ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa kibarua wa barabara hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya mwembe na daftari. Kila lori la kifusi likipita, napiga mstari. Mistari mitano fungu moja. Nilikuwa nikijiona mjanja, maana kati ya lori na lori niliandika riwaya yangu kwa nyuma ya daftari. Kumbe kila mstari niliopiga ulikuwa unaisogeza barabara karibu na kitanda changu.

Chumba kile kilikuwa geto langu. Unajua maana ya geto kwa mtu anayeandika? Ni mahali ambapo hakuna anayekuuliza unaandika barua kwa nani. Kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye mwenye sauti nyumbani, alisema nihamie chumba cha nyuma na wanawe watatu. Kwa ukarimu kabisa. Nilimshukuru, nikaenda zangu kambini nikiwa na donge kooni.

Huko kambini ndiko nilikoona dawa. Kazi ilikuwa inaelekea ukingoni na mabosi walikuwa wanauza vitu: mapipa, mabati, vitanda vya chuma, na nyumba mbili za magurudumu. Ya kwanza ilikuwa karavani dogo jeupe alilokuwa analala msimamizi mmoja, urefu kama mita tano, ekseli moja, magurudumu mawili. Ya pili ilikuwa tela refu lililokuwa ofisi ya wapimaji, lile la aina ya semi, ambalo pua yake haifungwi nyuma ya gari bali hulala juu ya sahani la chuma mgongoni mwa kichwa cha lori. Karavani waliliuza 2,400,000. Tela 5,500,000, na unaweza kulipa kwa awamu mbili. Mfukoni nilikuwa na 2,900,000, akiba ya miaka miwili ya kupiga mistari, na mjomba wangu wa Bunda alikuwa radhi kunikopesha zilizobaki.

Hapo usingizi ukaniisha. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1960 John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, aliizunguka nchi yake kwa pikapu yenye kijumba mgongoni, na kijumba hicho akakipa jina la farasi wa Don Quixote: Rocinante. Kitabu cha safari hiyo kikatoka 1962, na mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel. Mimi nikapiga hesabu za kijinga: kijumba, halafu kitabu, halafu tuzo. Nilichohitaji ni kijumba tu.

Nilipenda tela. Nani asingelipenda? Lilikuwa na vyumba viwili, madirisha ya kioo, meza ndefu ya ramani, na ngazi ya chuma mlangoni kama ya treni. Nilijiona nimeketi kwenye meza ile, taa inawaka, wapita njia wanaulizana ni ofisi ya nani.

Fundi mkuu wa karakana, mzee mmoja wa Mwanza asiyependa maneno mengi, alinishika mkono. "Mura, usinunue nyumba ya magurudumu kwa kuangalia mapazia. Ingia chini."

Tukaingia chini. Nikuambie alichonifundisha, huenda kikakufaa siku moja. Kwanza chesisi: gonga kwa nyundo, sikiliza, chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hunung'unika. Pili tairi: usidanganyike na kashata nzuri, soma tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi za karavani zilisomeka 3508, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2008. Kashata mpya, mpira wa kizee, umepasukapasuka kama kisigino. Tatu sakafu: tembea taratibu ukikanyaga pembe zote, hasa karibu na mlango na chini ya dirisha. Panapobonyea, plaiwudi imeoza, na maji yaliyoiozesha yalitoka juu, kwa hiyo panda na paani. Nne karatasi: kwa sheria zetu tela lina namba zake na kadi yake, si mkia wa gari, bila kadi umenunua banda.

Halafu akanieleza habari ya uzito. Karavani la kuvutwa kwa nyuma linatakiwa liegemeze kwenye gari kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Ukipakia vitu vyote nyuma pua ikawa nyepesi, litacheza mkia barabarani mpaka likupeleke mtaroni. Huko Marekani, watu wanaoishi ndani ya nyumba hizi mwaka mzima hubishana jambo hilohilo nililokuwa nabishana nalo mimi: la kufunga nyuma, au lile linalokalia mgongo wa pikapu juu ya ekseli ya nyuma. Hilo la pili huegemeza zaidi, asilimia 15 hadi 25, na kwa sababu uzito umekaa juu ya magurudumu ya gari, hutulia njiani. Lakini linataka pikapu iliyofungwa sahani lake. La kwanza halichagui sana.

"Sasa wewe," fundi akasema, "mwenye gari ni nani?"

Nilicheka. Sikuwa na hata baiskeli.

Jioni nilimsimulia bibi. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, nyuma yake ukuta wenye X. Kwetu bibi humtania mjukuu kwa kumwita mume, na yeye hajawahi kuniita vingine.

"Mume wangu, hiyo nyumba yako ina miguu?"

"Ina miguu, bibi."

"Itatembea?"

"Ikibidi itatembea. Wakija tena na rangi yao, natembeza nyumba."

"Yenyewe?"

Nikanyamaza.

"Nauliza. Nani ataivuta?"

Watu wawili, siku moja, swali moja. Lakini fundi aliniuliza habari ya gari. Bibi alikuwa ananiuliza kitu kingine, na usiku ule ndipo aliponisimulia jambo ambalo miaka yote tumeishi naye hakuwahi kulitamka kwa urefu.

Mwaka 1974 bibi alikuwa na miaka ishirini na minne. Walikuwa wakiishi upande wa Mlima Chamuriho, nyumba hapa na nyumba kule, kila mtu na shamba lake. Mwaka mmoja kabla, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama hapo jirani, alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Amri ikafika mlimani. Nyumba zikabomolewa, watu wakateremshwa kuja kupangwa kwenye mstari kando ya barabara, ambako ingekuwa rahisi kuwafikishia shule, maji na zahanati. Babu alibeba nguzo. Baba yangu, mtoto wa miaka minne, alikuja ameshika gauni la mama yake. Bibi alibeba mlango kichwani. Mlango wa mninga, babu aliuranda mwenyewe walipooana. Mahindi kwenye ghala yalibaki.

"Kwa nini mlango, bibi?"

"Ukiwa na mlango, kuta utazipata."

Msomaji, nikwambie ukweli ulioniuma. Nilikwisha kusoma *Gamba la Nyoka* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1979. Ni habari za watu na vijiji vya ujamaa, imeandikwa na mtu wa Ukerewe. Kutoka kwetu unakwenda Bunda, unateremka Kisorya, unapanda kivuko, umefika kwao. Niliisoma nikiwa kidato cha tatu, nikaisifu, nikaandika muhtasari. Haikunipitia hata siku moja kwamba bibi anayeniwekea uji ni mmoja wa watu hao. Nilidhani ni watu wa vitabuni. Na riwaya yangu mwenyewe, kurasa 140, ilikuwa inamhusu mpelelezi wa Dar es Salaam, jiji ambalo nimeliona mara moja kwa siku nne.

Na nikaona kichekesho kikubwa kuliko kile cha kwanza. Bibi aliletwa barabarani kwa amri. Sasa barabara imenenepa, inamwambia arudi nyuma. Mara zote mbili waliomwambia walikuwa na sababu nzuri. Lami ninaitaka hata mimi, mgonjwa akifika Bunda mapema ni jambo la heri. Lakini mara zote mbili hapakuwa na gurudumu. Kilichovuta ni shingo yake.

Basi ndipo nilipochagua. Tela zuri lingenitia mikononi mwa watu wawili: mjomba kwa deni, na mwenye kichwa cha lori kwa kila hatua. Siku ya kuhama ningempigia magoti tajiri wa malori anipe kichwa kwa nusu siku. Karavani linavutwa na pikapu yoyote ya kazi yenye mpira wa chuma nyuma, na pikapu za namna hiyo kwetu zipo. Mmoja ni jirani ambaye nilimfundishia mtoto hesabu. Nyumba ya magurudumu huchaguliwa kuanzia mbele: kwanza kinachovuta, halafu kinachovutwa. Nilinunua karavani, nikabakiwa na laki tano, nikanunua bati moja la kuzibia paa, ubao wa sakafu na tairi mbili zilizotumika.

Lilivutwa siku ya Jumapili, mwendo wa mtu atembeaye, watoto nyuma wakishangilia kama msafara wa kampeni. Tukaliweka nyuma ya nyumba, chini ya mti, tukalipandisha kwa jeki juu ya matofali ili tairi zisikae na uzito.

Nisikudanganye kuhusu raha zake. Saa nane mchana ndani ni tanuri; naandika alfajiri na usiku. Mvua ikipiga bati husikii hata mawazo yako. Maji nachota kisimani kama kila mtu. Na choo? Nyumba yangu ina magurudumu, choo changu hakina. Kila asubuhi mwenye uhuru wake anavuka ua na kopo la maji, anampitia shemeji yake anayefagia, anamwamkia. Miezi miwili ya kwanza niliona haya. Sasa naona ndiyo kodi yangu ya pango. Wale Wamarekani pia hawako wote kwenye matembezi ya Steinbeck. Jessica Bruder aliandika kitabu kiitwacho *Nomadland*, 2017, juu ya wazee wanaoishi kwenye magari kwa sababu nyumba ziliwashinda baada ya uchumi kuanguka 2008. Magurudumu peke yake hayasemi kama mtu anakwenda au amefukuzwa.

Vyumba vya mbele tulivibomoa wenyewe fidia ilipolipwa. Nilimwambia bibi achukue karavani, mimi nitalala na watoto. Nililisema kwa shingo upande, na yeye alijua. Alikataa. "Mimi nimeshahama," alisema, akaingia chumba cha nyuma. Lakini mlango wa mninga hakuna pa kuufunga. Fremu za nyuma zimeshajaa, na ukiulaza chini mchwa watakula. Akaniambia niutunze. Mlango wa karavani ni mwembamba mno kwa ubao ule, ilibidi tuupitishe dirishani. Nimeulaza juu ya magogo mawili. Ndiyo meza ninayoandikia haya. Tundu la komeo lipo upande wa kushoto. Kalamu ikiviringika huingia humo.

Mpelelezi wa Dar nimempumzisha. Nimeanza upya, na mwanamke anayeshuka mlimani na mlango kichwani. Nipo ukurasa wa 61. Wakati mwingine nakata tamaa, halafu namkumbuka Aniceti Kitereza, huyo naye wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Miaka thelathini na mitano. Bibi yangu hana miaka thelathini na mitano. Kwa hiyo jioni namsomea kurasa za siku hiyo, yeye kwenye kiti chake chini ya mti, mimi kwenye kizingiti. Ananisahihisha. Jana alisema mlango haubebwi kwa mikono miwili kama nilivyoandika. Mkono mmoja unashika mlango, wa pili unamshika mtoto.

Ukipita Nyamuswa, ulizia geto la magurudumu. Utaonyeshwa kwa kidole na kicheko. Karibu, ila usije saa nane mchana.