Msonobari wa Kanada na Miembe ya Liwale

Mwaka 1978, nilipokuwa mkufunzi wa Jiografia katika chuo cha ualimu, mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Kanada aliyekuwa akirejea kwao aliniachia kalenda yake ya ukutani. Miezi yake ilikuwa imekwisha, lakini picha zilikuwa nzuri, na chuo kisicho na zana za kufundishia hakitupi picha. Nikakata moja, nikaibandika juu ya kipande cha boksi.

Ilikuwa picha ya Tom Thomson iitwayo The Jack Pine. Msonobari mmoja umesimama juu ya mwamba kando ya ziwa, matawi yamelegea. Nyuma yake kuna vilima vya buluu, na anga imepakwa kwa mipigo mipana ya mlalo. Mtu hayumo, nyumba haimo, wala moshi. Niliwaambia wanachuo kwamba Kanada ndivyo ilivyo, nchi kubwa na tupu, misitu na maji basi.

Thomson alikuwa mchoraji wa matangazo mjini Toronto kabla ya kuipenda hifadhi ya Algonquin. Alikaa huko tangu masika hadi majani yapukutike, akiongoza wavuvi na kulinda moto, huku akichora kwenye vibao vidogo vya mbao vyenye upana usiozidi shubiri moja na nusu. Baridi ikiingia alirudi Toronto, akaishi katika kibanda, na humo akakuza baadhi ya vibao vile kuwa picha kubwa. Msonobari wangu ulikuzwa hivyo majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917. Julai ile ile ya 1917 akafa maji katika ziwa Canoe, akiwa na umri wa miaka 39. Marafiki zake walifanya maonyesho yao ya kwanza mwaka 1920 wakijiita Kundi la Saba. Tajiri wao alikuwa Lawren Harris, mtoto wa ukoo wa viwanda vya zana za kilimo vya Massey-Harris. Trekta la shamba la chuo chetu, Massey Ferguson lililokuwa likitusumbua kila msimu, lilitoka katika ukoo huo huo!

Sasa niseme jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka ule ule tulikuwa na mwanachuo kutoka Liwale, mtu mzima kuliko wenzake, mpole. Wakati wa mazoezi ya kufundisha aliniomba ile picha, akaenda nayo darasa la saba. Mimi nilikaa nyuma na fomu yangu ya kusahihishia. Andalio lake la somo lilisema "Misitu ya Kanada". Lakini alipoitundika picha aliwauliza watoto: "Watu wa hapa wamekwenda wapi?" Dakika kumi nzima zikapita watoto wakibuni majibu.

Baada ya kipindi nilimwita chini ya mti. Nikamwambia ameondoka nje ya mada, kwamba mahali pale hapana watu. Akajibu kwa adabu, "Ndugu Mkufunzi, hata kwetu sasa wanasema ni pori tu. Lakini miembe ipo, imesimama kwa safu. Mwembe haujipangi safu wenyewe."

Nilijua habari ile. Katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wa magharibi ya Liwale kwa hoja ya malale, na ardhi yao ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Nilijua, lakini sikuona inahusiana vipi na Kanada. Nikampa alama sita kati ya kumi.

Ni baada ya kustaafu, nilipopata muda wa kusoma, ndipo nilipomwelewa. Algonquin ni jina la watu, Waalgonquin, waliokuwa wakiwinda na kuvua katika nchi ile kabla haijawa na mipaka. Hifadhi ilipoundwa mwaka 1893, uwindaji na utegaji ulipigwa marufuku ndani yake. Wakata mbao hawakufukuzwa. Walikuwapo tangu miaka ya 1830. Thomson mwenyewe hakuficha hayo, maana ana picha iitwayo The Drive, ya magogo yakisukumwa mtoni. Ila picha hiyo haikupata kuwa kipenzi cha taifa. Kilichopendwa ni ule mti uliosimama peke yake.

Wala haikuwa kwamba wachoraji wale hawakujua kuchora watu. Frederick Varley, mmoja wa wale saba, alikuwa hodari wa sura za watu. Alimchora mwanafunzi wake, Vera Weatherbie, kwa kijani na dhahabu, na ukimtazama unaona aibu kama umeingia chumbani bila hodi. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa vita. Picha yake For What? ina mkokoteni uliojaa maiti katika matope ya Ulaya. Mtu huyo huyo, mwaka 1921, alichora dhoruba katika ghuba ya Georgian, upepo na msonobari, pasipo mtu hata mmoja. Simlaumu. Aliyetoka kwenye mkokoteni ule huenda alihitaji mahali pa kupumzisha macho. Lakini macho yangu mimi yalikuwa yamechoshwa na nini?

Yule mwanachuo alikwenda kufundisha kusini, nami nikapanda hadi kuwa mkuu wa chuo. Mara mbili tulikutana kwenye semina, akaniamkia "Shikamoo, Mwalimu," tukaulizana habari za watoto. Sikumwambia neno. Zile alama sita zilikwenda wizarani pamoja na nyingine, kwa mwandiko wangu.