Mkwe wa Musa Alipofika Jangwani

Mpwa wangu mpendwa,

Tu wazima, ingawa mvua zimechelewa. Mama yako amesimulia jinsi kazi ya usharika ilivyokukalia: alfajiri ibada, mchana kikao cha ujenzi, jioni msiba, usiku kuhesabu sadaka, na baada ya ibada ya Jumapili ni mchungaji huyohuyo anayenadi mikungu ya ndizi mnadani. Mama anasimulia kwa fahari. Mjomba wako amesikiliza kwa wasiwasi, akaona heri aandike.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kina habari ya mzee mmoja wa Midiani, kuhani Yethro. Alifunga safari hadi jangwani akiwa na binti yake Sipora na wajukuu wawili, Gershomu na Eliezeri, kumfuata mkwewe Musa aliyekuwa ametoka kuvusha taifa zima. Musa alikwenda kumlaki, akainama, akambusu, akamkaribisha hemani na kumweleza yote yaliyotokea Misri. Wakala pamoja. Kesho yake mgeni akakaa kando na kutazama kazi. Akamwona Musa ameketi, na watu wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hadi jioni, kila mmoja na shauri lake.

Yethro aliuliza kwa nini anafanya hivyo peke yake. Jibu la Musa lilikuwa la mcha Mungu kabisa: watu wanakuja kwake kumuuliza Mungu, naye anawaamua na kuwajulisha sheria. Nani angebisha? Mkwe alibisha. Alisema jambo lile si zuri, kwamba Musa atadhoofika, yeye pamoja na watu walio naye. Hapo pa mwisho ndipo wengi wanapopapita haraka. Kiongozi anayefanya kila kitu hajichoshi mwenyewe tu. Anamchosha pia yule mwenye shauri dogo aliyesimama juani tangu asubuhi, na jioni akaambiwa arudi kesho.

Ushauri ulikuwa wa kuweka wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mtanzania aliyekulia chini ya balozi wa nyumba kumi hahitaji kuelezwa mkuu wa kumi ni mtu wa namna gani. Sifa zilitajwa waziwazi: wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya dhuluma. Musa mwenyewe aliachiwa kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya watu, kuwafundisha, na kupokea mashauri magumu. Katika Kumbukumbu la Torati, anapoikumbuka siku ile, Musa anasema aliwataka watu wenyewe wawatoe hao wanaume wanaojulikana katika makabila yao, kisha yeye akawaweka.

Sasa hapa mjomba ana neno. Wakuu wale waliamua. Shauri dogo liliishia kwao. Katika sharika nyingi mzee wa kanisa hutumwa kukusanya ahadi, kupanga viti na kupeleka barua, lakini akiulizwa jambo lolote hana budi kujibu kwamba atamuuliza mchungaji. Huyo si mkuu wa kumi, ni tarishi. Mchungaji amegawa miguu yake, kichwa amebaki nacho, kisha anashangaa kwa nini kinamuuma.

Tena mpango mzuri hauondoi uzito wote. Ukifika Hesabu sura ya 11, ni mwaka wa pili tangu watoke Misri, na wakuu wamekwisha kuwekwa. Hata hivyo watu wanalilia nyama, wanakumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri, na Musa analemewa kiasi cha kumwomba Mungu amuue kuliko kumwacha abebe taifa kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye. Mashauri yalikuwa yamegawanywa, moyo ulikuwa bado peke yake. Mungu hakumkaripia. Alimwambia akusanye wazee 70, akatwaa sehemu ya roho iliyokuwa juu yake na kuiweka juu yao.

Wawili kati ya wazee walioandikwa, Eldadi na Medadi, hawakwenda kwenye hema ya kukutania. Walibaki kambini, na hukohuko wakaanza kutabiri. Kijana mmoja akakimbia kupeleka habari, na Yoshua, mtumishi wa Musa tangu ujana, akataka wakatazwe. Musa alimuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wawe manabii. Mpwa wangu, mtihani wenyewe ni huu. Jumuiya ikiomba vizuri mchungaji akiwa hayupo, mwinjilisti akihubiri mtaani hadi watu wakamsifu, kuna Yoshua atakayekuja kutaka wakatazwe, naye atadhani anakupenda.

Kugawa kazi hakuna maana ikiwa aliyepokea ni mtu wa kuokotwa karibu. Samweli alipozeeka aliwaweka wanawe, Yoeli na Abiya, kuwa waamuzi huko Beer-sheba. Wakafuata faida, wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu. Wazee wa Israeli walimfuata Rama, wakamtajia uzee wake na mwenendo wa wanawe, wakadai mfalme kama mataifa mengine. Kwa hiyo binamu zako wakiomba kushika hazina ya usharika, waambie mjomba amekataa.

Linalomfurahisha zaidi mjomba ni la Yerusalemu, Matendo sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume 12 wangeweza kulaumu lugha chafu za wanung'unikaji, au kusimamia meza wenyewe wakaacha kuomba na kufundisha. Waliwaambia waumini wachague watu saba wenye sifa njema. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaelekea mgao ulikabidhiwa watu wa upande uleule uliolalamika, na waumini walio wengi hawakuogopa. Ni ujasiri mkubwa. Mwenyekiti wa kawaida angeunda kamati ya watu wake. Na wale saba hawakubaki mezani: Stefano akawa shahidi wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Kristo, Filipo akaipeleka Injili Samaria.

Kwa kuwa mnajenga, soma pia Nehemia sura ya 3. Ni orodha ndefu ya wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu, na wavivu huiruka. Shalumu yumo na binti zake. Wakuu wa Tekoa wamo pia, kwa aibu, maana hawakukubali kuinamisha shingo zao kazini. Liwali Nehemia, mwana wa Hakalia, hatajwi. Nehemia anayetajwa pale ni mwingine, mwana wa Azbuki. Ukuta ulikwisha kwa siku 52.

Kikao kijacho cha wazee, kabla ya ajenda ya bati, kiulizwe ni maamuzi gani yaishie kwa kamati ya ujenzi bila kufika ofisini kwako. Kiwango cha fedha kitajwe na kiandikwe kwenye muhtasari, na mtunza hazina atoe hesabu mbele ya wote kila robo mwaka. Hapo kamati ikinunua misumari ambayo wewe usingeinunua, nyamaza.

Msalimie mkeo na watoto. Mama yako anauliza kama lile koti la baridi lilifika.

Ni mimi, mjomba wako.