Kuhusu Igizo Lako la Simu

Mpwa wangu mpendwa,



Andiko lako la mradi wa igizo la watoto kwa njia ya simu nimelisoma. Hadithi ya sungura, fisi na kisima nimeipenda sana. Ila kurasa tatu za mwanzo ni kamera, miwani ya uhalisia pepe na kasi ya intaneti. Mtoto anaingia ukurasa wa nne, tena ni mtoto anayeona, anayesikia na anayeweza kutulia kitini dakika 40. Wengine umewawekea sentensi moja tu: igizo litakuwa jumuishi. Kivipi?

London kuna kundi liitwalo Oily Cart, lililoanza mwaka 1981. Wao humfikiria kwanza mtoto mwenye ulemavu mzito, ambaye hata nyumbani watu hudhani igizo halimhusu. Wamecheza ndani ya bwawa la maji ya vuguvugu, wamecheza juu ya trampolini, kwa watoto wachache mno kwa wakati mmoja, na mtoto huimbiwa kwa jina lake. Uviko ilipofunga kumbi mwaka 2020, hawakutegemea skrini peke yake. Walipeleka majumbani vifurushi vya vitu vya kugusa na kusikiliza, wakaenda pia kuwachezea watoto mlangoni kwao.

Sikukatazi simu. Simu ina mambo ambayo jukwaa halina: mtoto mwenye usonji anaweza kupunguza sauti, kusimamisha, kurudia kipande alichokipenda mara ishirini bila mtu kumgeukia na kumsonya. Lakini lile duara dogo la mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya picha liondoe. Kwenye simu ya kawaida mikono yake itaonekana kama ya sisimizi, na mtoto kiziwi akimtazama yeye, fisi ameshaanguka kisimani. Mwache sungura mwenyewe aongee kwa lugha ya alama, na aigizwe na msanii kiziwi. Kwa wasioona, fisi awe mropokaji anayesimulia kila anachokiona, kama mtangazaji wa mpira redioni. Graeae, kundi lingine la London la wasanii wenye ulemavu, wanafanya hivyo: alama na maelezo vinafumwa ndani ya igizo, havibandikwi baadaye. Na watoto wengine nao watacheka, maana fisi mropokaji anachekesha.

Halafu bando. Unataka kurusha mubashara kwa nyumba yenye simu moja, ya mama, ambayo saa hiyo ipo naye gengeni! Kata igizo vipande vifupi, toa na toleo la sauti tupu, weka kwenye kadi ya kumbukumbu, mpe mwalimu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba umepanga kuwaita watoto wenye ulemavu mwishoni, waje kulijaribu igizo lililokwisha. Kwa nini? Hapo chuoni kwenu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo ulipozaliwa mradi wa Tuseme mwaka 1996, kwa mkono wa Penina Mlama na wenzake. Wasichana wa sekondari walisema wenyewe yanayowakwaza shuleni, wakayachambua, ndipo wakayaigiza. Hawakuletewa igizo la kuwasikitikia. Waulize wanafunzi viziwi kisima hicho kina nini ndani. Huenda sungura wako akabadilika kabisa, na itakubidi ukubali.

Nimezungumza na mwalimu wa kitengo cha viziwi cha shule ya jirani yetu. Anakukaribisha wiki ya kwanza ya muhula, asubuhi, kabla watoto hawajachoka. Njoo na mkalimani na usimwombe kujitolea. Posho na nauli yake ziingie kwenye bajeti, pale ulipoandika miwani.

Mjomba wako