Meno ya Mgeni Wetu

Walimu wenzangu wamezoea kusoma katika kurasa hizi habari za ngeli na methali. Leo nawaomba wanivumilie nizungumzie meno ya mnyama asiyezidi kiganja cha mkono.

Nyumbani kwetu Kampala aliingia kama mgeni. Jirani yetu Mjerumani alipomaliza kazi yake na kurejea kwao, alimwachia binti yangu hamsta mmoja katika tundu la chuma. Hamsta ni wa jamii ya wanyama wagugunaji. Mkia wake ni mfupi mno, na mashavuni ana mifuko miwili ya kuchukulia chakula, kama ile ya panya buku wa kwetu. Asili ya aina hii ni Syria, na karibu wote wanaofugwa majumbani ni kizazi cha mama mmoja na wanawe waliochimbuliwa karibu na mji wa Aleppo mwaka 1930.

Jambo la kwanza kunitia wasiwasi lilikuwa rangi ya meno yake. Yalikuwa ya manjano, yakikaribia rangi ya chungwa. Nami, niliyelelewa kupiga mswaki wa mti kila alfajiri, nikadhani ni uchafu au maradhi. Kumbe ndiyo rangi yake ya haki, kwa kuwa tabaka gumu la mbele lina madini ya chuma. Meno hayo manne, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua maisha yote ya mnyama. Upande wa mbele ni mgumu, wa nyuma ni laini zaidi. Basi yanaposuguana, upande wa nyuma hulika upesi, na ncha hubaki kali kama patasi ya seremala. Wengi hudhani kazi hiyo hufanywa na kijiti anachoguguna. Kijiti husaidia, lakini kinoo hasa cha jino la juu ni jino la chini. Mmoja akitoweka, mwenziwe hukosa wa kumpunguza.

Hayo niliyajua baada ya kosa. Mgeni wetu hukesha, na kila usiku aliguguna vyuma vya tundu lake. Nilicheka, nikasema anajinoa. Jino moja la juu likavunjika, wala hatukuona. Siku chache baadaye binti yangu akaniambia, "Baba, hali chakula." Nikatazama kibakuli, kilikuwa kitupu. Nikamjibu kwamba anayemaliza chakula hawezi kuwa hali, nikarudi kwenye kusahihisha madaftari. Kesho yake akarudia maneno yale yale, nami nikamkemea.

Siku ya tatu hakusema kitu. Alifunua maranda ya mbao pembeni mwa tundu, akanionyesha: punje za mtama, mbegu za alizeti, vipande vya karoti vilivyokwisha kunyauka, vyote vizima. Mnyama alikuwa akivibeba mashavuni na kuviweka akiba kama ilivyo desturi yake, asiweze kukitafuna hata kimoja. Mimi niliyekwisha kusahihisha madaftari mengi yaliyojaa maandishi ambayo mwenyewe hakuyaelewa, ilinipasa nijue.

Tulipomwinua, kidevu kilikuwa kimelowa mate na mbavu zinahesabika. Jino la chini lilikuwa limepanda na kupinda kuelekea kaakaa. Nilichukua kikata kucha. Mke wangu akanishika mkono, na haki ilikuwa yake, maana jino likikatwa hivyo huweza kupasuka hadi ndani ya ufizi. Daktari wa mifugo alimlaza kwa dawa, akalipunguza kwa kifaa kidogo kinachozunguka. Kisha tukamnywesha uji mwepesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, usiku kucha kwa zamu.

Jino la juu liliota tena, lakini liliota upande, kwa hiyo kila baada ya wiki chache hatuna budi kurudi kwa daktari. Tundu la vyuma tumeliacha; sasa anakaa katika sanduku kubwa la kioo lenye maranda mengi ya kuchimba. Tunampa vijiti vikavu vya mpera usiopigwa dawa, na punje ngumu kila siku; matunda matamu tumeyapunguza sana. Kibakuli hatukiamini tena. Kila Jumamosi binti yangu humtazama midomo, humpima kwa mizani ya jikoni, na kuandika uzito wake katika daftari.

Jumamosi iliyopita aliniletea daftari hilo mezani: gramu 124. Akasimama pale, akingoja, mpaka nilipoweka kalamu chini nikaenda kumtazama hamsta akila.