Kahawa Tungu na Sauti za Mombasa

Niliijua taarabu ya Mombasa kwa kanda za marehemu baba, huko Nairobi. Mtaa wenyewe wa Kuze, huko Mombasa, sikuwahi kuukanyaga hadi siku hiyo. Baada ya alasiri nilishuka Makadara ya Mombasa, nikaingia mtaani kwa miguu. Harufu ya buni ilinifikia kabla sijaliona jiko.

"Ndoo mwanangu, keti," aliniita mzee mmoja barazani. Nikamwamkia, akaniagizia kahawa.

Ilikuwa kahawa tungu hasa: imechemka taratibu ndani ya dele juu ya makaa, haina sukari, na tangawizi yake ni ya kunusia tu. Nikamkumbuka Zein l'Abdin, mwana wa Lamu. Udi wake hauna haraka. Hupiga nyuzi chache, akaziacha zitulie, ndipo akaliingia shairi. Vivyo hivyo, utungu wa kahawa ile ulinijia nikiwa nimeshameza.

Nilipomwambia mzee hayo, alifurahi mno. Alimsimamisha muuzaji mwingine aliyekuwa akipita akigonganisha vikombe. "Onja ya huyu. Huyu ni Bhalo."

Iliki ilitangulia, mdalasini ukaandama, buni ikaja nyuma yao. Juma Bhalo aliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi, akayatilia mashairi ya Kiswahili, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Siungani nao. Lahani aliazima, lakini kile kilio kilichomo kooni mwake ni chake mwenyewe, na hakuna harimuni wala tabla iliyoweza kukifunika. Chini ya viungo vyote vile, buni ilikuwa bado inauma.

Ya tatu ilijaa tangawizi hadi puani. Sote wawili tukasema pamoja: Maulidi Juma! Chakacha tupu, mguu hautulii.

Mimi nilishikilia kwamba Zein ndiye bora. Mzee akakataa katakata. Mshairi Ahmad Nassir, mwenye *Malenga wa Mvita* ya mwaka 1971, ni wa mtaa huu huu, akaniambia, na mashairi yake Bhalo aliyaimba. "Wewe wasikiza nyuzi. Sisi twasikiza maneno kwanza."

Bhalo alifariki 2014, Zein 2016, na bado barazani wanabishana kwa ajili yao. Maneno ya Bhalo nayakubali, nikamjibu, ila mkono wa Zein kwenye udi hauna mwenzake Pwani nzima. Jirani wa mzee akaniunga mkono. Mzee akamgeukia yeye, akaanza upya.