Bomba Linalopasuka Usiku

Masomo yangu ya kwanza ni maendeleo ya vijijini: miaka 3 ya graduati na 2 ya lisansi, katika chuo cha ISDR, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Sekondari nilikuwa sehemu ya pedagojia, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa ya kumfundisha mtoto kugawanya. Leo nina shahada ya uzamili ya uinjinia wa maji, na chanzo chake ni bomba moja la Masisi, Kivu Kaskazini.

Nilikuwa mhamasishaji wa mradi wa maji wa shirika moja. Chemchemi ilikuwa mlimani, kijiji bondeni, na bomba la plastiki lilishuka katikati ya malisho ya ng'ombe. Lilipasuka mara kwa mara kule chini, karibu na shule, na sikuzote usiku. Ripoti za shirika zikaandika kwamba wananchi wanaharibu mali ya mradi. Papa mmoja wa kamati ya maji akanivuta pembeni: "Mwalimu, usiku sisi tunalala. Hilo bomba linajipasua lenyewe."

Nilimwamini, ila kumwamini mtu si hoja mbele ya fundi mwenye michoro. Hoja yenyewe niliikuta baadaye darasani, na ni fupi. Kila mita 10 za kimo zinaongeza presha ya bari 1. Pale kimo kilikuwa kama mita 140, basi bari 14, na ubavuni mwa bomba pameandikwa PN10: mwisho wake bari 10. Mchana robine ziko wazi, maji yanatembea, msuguano unakula sehemu ya presha. Usiku robine zote zimefungwa, maji yamesimama, presha yote inaangukia chini. Panatakiwa tangi dogo katikati ya mteremko, maji yamwagike humo na kuanza safari upya. Siku nilipoielewa hesabu hiyo nilikasirika kuliko nilivyofurahi.

Kuipata shule ilikuwa kazi. Kule Tlemcen, Algeria, taasisi ya maji na nishati ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika ina njia mbili kwa anayesomea maji: uinjinia na sera. Kila niliyemwomba ushauri alinisukuma kwenye sera, eti ndiyo inayomfaa mtu wa maendeleo. Nilikataa, watu wa sera kwetu hawapungui. Chuo kingine kilinifungia mlango bila kunihoji. Kilichonipokea, mjini Kampala, kiliweka sharti: kwanza kozi za kuziba pengo pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kalkulasi, mekanika ya vimiminika, upimaji ardhi, na vyote kwa Kiingereza, mimi niliyesoma kwa Kifaransa. Vijana waliniita Mzee na kunisahihishia mazoezi. Anayesema pengo hilo linazibwa kwa moyo tu hajawahi kukaa mbele ya mlinganyo wa Bernoulli.

Utafiti niliufanyia Walikale, ambako shida ilikuwa kinyume. Katika kijiji nilichopima, pale msituni, chemchemi ilikuwa karibu usawa mmoja na nyumba, presha ni ya kubembeleza. Ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu, maji yaleyale yanapoteza nguvu karibu mara 30 zaidi. Bomba jembamba la bei nafuu linamaliza maji njiani. Mama walioteka maji walijua robine gani hukauka kwanza, na saa ngapi. Niliwauliza kabla ya kufungua kompyuta, na nusu ya vipimo vyangu vilianzia hapo.

Tangu Januari 2025, vita vilipofika Goma, kazi ni ya kuvizia: mabomba yanacheleweshwa, barabara inafungwa na kufunguliwa. Tena kwetu wakubwa wa tenda huuliza shahada ya kwanza ilikuwa ya nini. Ya pili hawaisomi. Kwa hiyo hesabu napiga mimi, mwenzangu aliyesomea ujenzi tangu mwanzo anasaini, na malipo tunagawana. Mgawo huo bado tunaubishania.