Jina la Bibi na Alama Tuliyoisahau

Kwetu Kingerikiti fedha ya kahawa huja kwa msimu, lakini mbolea, ada na maradhi havingoji msimu. Ndiyo maana akina mama wa mtaa wetu wana kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa miaka mingi hesabu zao zilikaa katika daftari la jalada gumu. Sisi, mume na mke, tuliojifunza kidogo kazi ya kuandika programu, tulijitolea kuwatengenezea ukurasa wa mtandaoni: mhasibu anaandika jina katika simu, nayo hifadhidata inamletea akiba na mikopo ya mwanachama. Tulijiona tumefanya jambo la kheri.

Siku ya mkutano wa mikopo, kabla ya mvua za kwanza, bibi mmoja jirani yetu alisimama kuomba fedha ya mbolea. Mhasibu akaandika jina lake. Ukurasa ukajibu: "Hakuna kumbukumbu." Akarudia, jibu likawa lile lile. Bibi akasema kwa upole kwamba hajakosa kuweka hisa hata wiki moja. Sauti ikasikika nyuma: "Kompyuta itamsingizia kwa lipi?" Bibi akajitanda kanga yake, akaaga, akashika njia ya kwake. Sisi tulikuwapo na tulinyamaza, kwani tuliiamini kazi ya mikono yetu kuliko ulimi wa mtu mzima tunayemwamkia kila asubuhi.

Usiku ule hatukulala. Kwanza tulifungua hifadhidata yenyewe, tukapitia orodha kwa macho. Jina la bibi lilikuwamo, na hisa zake zote zilikuwamo. Basi kilichoharibika hakikuwa kumbukumbu, bali namna ya kuuliza. Tukajaribu majina mengine, yote yakajibu vizuri, isipokuwa mawili, na yote mawili yalianza kwa Ng', kama neno ng'ombe. Mwisho tukaiamuru programu ituonyeshe swali kama lilivyofika kwenye hifadhidata, herufi kwa herufi. Hapo tukaliona kosa.

Hifadhidata nyingi huulizwa kwa lugha ya SQL, iliyotokana na kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1970. Katika lugha hiyo maneno huwekwa kati ya alama mbili zinazofanana kabisa na ritifaa yetu. Hifadhidata iliposoma jina la bibi na kukuta ritifaa baada ya Ng, ilidhani jina limekwisha. Herufi zilizobaki hazikuwa na maana kwake, ikalikataa swali zima.

Wazo letu la kwanza lilikuwa kuzifuta ritifaa katika majina yote. Lakini ng'oa si ngoa: moja ni kutoa mti na mizizi yake, nyingine ni wivu. Jina la mtu ni amana ya wazazi wake, na hatukuwa na haki ya kulikata ili kuficha uzembe wetu. Dawa ya kweli ni kuliandika swali likiwa na nafasi wazi, kisha jina likatumwa peke yake, ili hifadhidata isilichukue kamwe kuwa sehemu ya amri. Njia hiyo humzuia pia mwenye nia mbaya anayeandika amri mahali pa jina ili aibe au afute hesabu za watu.

Hata hivyo, kosa lililomuumiza bibi lilikuwa jingine. Hifadhidata ilikuwa imesema wazi kwamba haikulielewa swali. Ni sisi tulioiamuru programu, kila ipatapo hitilafu, iandike "Hakuna kumbukumbu", ili ukurasa upendeze. "Nimeshindwa kuuliza" na "hakuna" ni maneno mawili yaliyo mbali sana. La kwanza ni udhaifu wa chombo. La pili ni ushahidi juu ya mtu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Tulikuwa waandishi, na hatukujua kwamba wajibu huo unafika mpaka kwenye ujumbe wa hitilafu.

Asubuhi tulimwendea bibi. "Shikamoo, Bibi. Kosa ni letu." Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Marahaba, wanangu. Nimewasameheni. Lakini yale yalisemwa mbele ya watu."

Katika mkutano uliofuata tulisimama mbele ya wote tukaeleza. Mhasibu akaandika jina la bibi pamoja na ritifaa yake, hisa zikatokea, naye akapata mkopo wake. Siku hizi kikundi kina ukurasa na daftari pia, na vyote viwili hulinganishwa kila mwezi. Bibi ndiye aliyelipendekeza hilo, nasi tulikuwa wa kwanza kunyoosha mikono.